Re: Kuna mwingine alicheza Midtown Madness bila kushindana?

Mkuu, tupo wengi tu. Kumaliza shindano hata moja ilikuwa hiari! Gemu ya magari ya 1999 inakupa jiji la Chicago, halafu wanataka ufuate mshale wa kuonyesha njia ya mashindano? Thubutu.

Mimi nilikuwa naingia "Cruise" (kuzurura tu bila mashindano) moja kwa moja, naongeza polisi mpaka mwisho, kisha nachagua lile basi la abiria. Mustang, gari la mbio, ipo, nachukua basi. Naendesha kushoto kama niko Morogoro Road, wakati Wamarekani wote wanakuja kulia, honi juu ya honi. Ukipanda kwenye njia ya waenda kwa miguu, wanaruka pembeni. Hawagongeki hata uwavizie vipi (na tuliwavizia, tusidanganyane).

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye madaraja ya mto. Unasubiri daraja lianze kuinuka, unakanyaga mafuta, basi linapanda taratibu kama linafikiria, linapaa kidogo, kisha linadumbukia majini pua mbele. Polisi waliokuwa nyuma nao hawafungi breki.

Ukiipata tena, weka usiku na theluji. Hapo hata polisi wanateleza.