Usilipe ada ya kushika nafasi kabla hujasoma tarehe za machapisho ya msimamizi wako

Usilipe. Umeandika kwamba unachagua kati ya programu mbili za uzamili, kwamba moyo wako uko kwenye ile ya kwanza kwa sababu profesa wake ana machapisho zaidi ya mia moja na kipeperushi kinaahidi mafunzo kwa vitendo ndani ya mradi wake, na kwamba ada ya kushika nafasi utailipa Ijumaa. Umeuliza pia mafunzo hayo uyafanye muhula gani, na barua ya kuombea ufadhili iandikwe vipi. Nimelisoma swali lako mara mbili na kifua kimenibana, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi kabla sijapoteza mihula mitatu.

Nilitaka kusomea maji yaliyo chini ya ardhi. Profesa niliyemfuata alikuwa na jina kubwa kweli, wala sisemi kwamba alilipata kwa hila. Kazi zake za awali ni nzuri na wanazuoni bado wanazinukuu. Kosa langu ni kwamba nilihesabu machapisho bila kuangalia tarehe. Nilipofika nilimpelekea andiko langu la utafiti, akalisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza kwa upole ni nani aliyeniambia kwamba ile mashine ya kupima isotopu (atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito) bado inafanya kazi. Tukaenda maabara pamoja. Mashine ilikuwa imefunikwa shuka jeupe lililogeuka manjano kwenye mikunjo, kompyuta yake ilikuwa imeondolewa, na kadi ya matengenezo iliyoning'inizwa ubavuni ilikuwa na sahihi ya mwisho ya miaka saba nyuma. Utafiti niliokuwa nimeuandika ukurasa kwa ukurasa haukuweza kufanyika bila mashine ile.

Usiku ule ndipo nilipoifanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kulipa. Nilichapa orodha ya machapisho yake, nikachukua kalamu, na kando ya kila moja nikaandika mwaka na mahali lilipo jina lake. Makala ya mwisho katika fani niliyoifuata ambayo jina lake lilitangulia, au lilikaa mwisho kabisa, ilikuwa ya miaka tisa iliyopita. Zilizofuata zilikuwa za miradi mikubwa yenye waandishi ishirini au zaidi, naye akiwa katikati yao. Katika sayansi nyingi za maabara, jina la kwanza ni la aliyebeba kazi na la mwisho ni la anayeongoza kundi la utafiti. Walio katikati walichangia sehemu tu. (Kama fani yako ni hisabati au uchumi, usitumie kipimo hiki, kwa maana huko majina hupangwa mara nyingi kwa alfabeti.) Mtu yule alikuwa amehamia kwenye uongozi wa kitivo, jambo ambalo si aibu hata kidogo, lakini hakuwa tena na maabara ya kumpokea mwanafunzi.

Usidanganywe pia na ile namba wanayoiita kielezo cha h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtu mwenye kielezo cha 30 ana machapisho 30 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 30. Kwa kanuni hiyo namba hupanda au hubaki palepale, haishuki, hata mwenyewe akiwa ameacha utafiti kwa miaka kumi. Inakuonyesha alichokwisha kujenga. Haikuonyeshi kama leo asubuhi kuna mtu ndani ya maabara.

Kwa hiyo soma ya miaka mitano ya karibuni, na usome kwa tarehe. Tafuta utambulisho wake wa ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ambayo watafiti wamekuwa wakipewa bure tangu mwaka 2012, ili usimchanganye na mtu mwingine mwenye jina kama lake. Kisha nenda kwenye hazina ya tasnifu za chuo, utazame ni wanafunzi wangapi wamemaliza chini yake hivi karibuni na ni wangapi kati yao majina yao yanaonekana katika makala zake. Msimamizi anayechapisha pamoja na wanafunzi wake utamjua hapo. Mwisho soma aya ya shukrani katika makala mpya kabisa, kwa kuwa ndipo wanapomtaja aliyefadhili utafiti, na mara nyingi utagundua kama mradi unaoahidiwa ulikwisha kufungwa.

Ninayemkasirikia hadi leo ni ofisa wa udahili. Nilimwandikia nikamuuliza waziwazi kama mradi ule ungali hai, akanijibu kwamba profesa ni mtafiti mwenye sifa duniani. Lile halikuwa jibu la swali langu, nami nililipokea kama jibu. Mradi ulikuwa umefungwa kabla sijatuma maombi, na yeye alikaa jengo moja na ofisi iliyoufunga. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana ukajibiwa kwa sifa, chukulia kwamba jibu ni hapana hadi uonyeshwe karatasi.

Mafunzo kwa vitendo niliyoahidiwa yalikufa pamoja na mradi. Nilijitafutia nafasi mwenyewe katika ofisi moja ya ushauri wa mazingira, nikaanza kazi kwa pupa kabla makubaliano ya pande tatu, yaani mimi, mwajiri na chuo, hayajatiwa sahihi. Wiki sita za kwanza hazikuhesabiwa kabisa, nami nilikuwa nimezitumia kuingiza vipimo vya visima kwenye jedwali kuanzia asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana swali la muhula gani ni dogo kuliko unavyodhani. Muhula wowote utafaa ikiwa msimamizi yupo, mradi una fedha, na sahihi zote tatu zimepatikana kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Mwandikie profesa huyo leo, yeye mwenyewe, si ofisi ya udahili. Muulize anasimamia wanafunzi wangapi sasa, mradi unakwisha mwezi gani, na kama atakuwa chuoni katika mwaka wako wa kwanza au atakuwa kwenye likizo ya utafiti. Mwombe pia akuunganishe na mwanafunzi wake mmoja wa sasa. Asipojibu hadi Ijumaa, omba chuo kikuongezee muda wa kulipa. Nawe chapa orodha, uandike miaka pembeni, kisha uniletee hapa bila majina. Nitaipitia mstari kwa mstari pamoja nawe.