Mama yako hakuanguka kwa ajali: jinsi mzee na mtu mwenye ulemavu wanavyopaswa kupanda basi

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu mama yake mwenye umri wa miaka 74. Mama alipanda basi la mjini, mkono mmoja ukiwa na mkongojo na wa pili ukiwa na mkoba. Basi likaondoka kabla hajafika kwenye kiti. Akaanguka, akavunjika mkono. Hakuna gari lililogongwa, hakuna askari aliyeitwa, basi likaendelea na safari. Tangu siku hiyo mama hataki kusikia habari za basi, na mwanawe anauliza kama ambembeleze au amwache.

Ujumbe huu umeniuma, maana yaliyompata mama huyu huwapata wengi na hayaandikwi popote. Tukisema hatari ya basi, mawazo yote hukimbilia kwenye ajali ya barabarani. Kwa wazee, sehemu kubwa ya majeraha ya ndani ya basi hutokea bila basi kugusa kitu chochote: limeondoka kwa kishindo, limefunga breki, limekata kona, na aliyekuwa hajakaa ameshafika sakafuni. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kipande kile kifupi kinachoanzia ukingo wa barabara na kuishia kwenye kiti.

Nianze na anayetembea kwa mkongojo au magongo. Mikono ibaki mitupu kadiri inavyowezekana. Mkoba uwe wa kamba ndefu inayopita kifuani, ukae mgongoni au tumboni, usining'inie mkononi. Nauli au kadi iwe mfuko wa juu. Na kama utaratibu wa basi unaruhusu, lipa ukishakaa. Mzee anayesimama katikati ya njia akitafuta pesa kwenye pochi hana mkono wa kushikia chuma.

Ngazi zina kanuni yake: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa pamoja na mkongojo hutangulia kushuka. Sababu ni kwamba wakati wa kupanda, mguu uliotangulia ndio unaoinua mwili wote. Wakati wa kushuka, mguu uliobaki juu ndio unaokunja goti na kuuteremsha mwili taratibu. Katika hali zote mbili kazi nzito inafanywa na mguu wenye nguvu. Wengi wanaijua hospitalini na kuisahau mlangoni mwa basi, kwa sababu nyuma yao kuna watu wanasukuma. Ifanyieni mazoezi kwenye ngazi za nyumbani mpaka mguu wenyewe uijue.

Msaidizi, au konda mwenye moyo mwema, asimvute mzee kwa mkono. Mkono unaovutwa humtoa mtu kwenye mizani yake, na aliyewahi kupata kiharusi anaweza kuteguka bega upande uliolegea. Mpe kigasha chako akishike yeye, kwa nguvu anazotaka yeye, na mwendo auamue yeye.

Akishaingia, aseme kwa sauti, dereva asikie: "Naomba usiondoe gari mpaka nikae." Maneno haya yasemwe mguu wa pili ukiwa unaingia, si baada ya basi kuanza kutikisika. Wazee wengi huona haya, wanahisi wanawachelewesha wenzao. Kukaa kwenye kiti cha mbele kunachukua sekunde kumi, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo unaweza kuchukua miezi, na wapo wasiorudi kutembea kama zamani.

Kiti kizuri ni cha mbele, kinachotazama mbele, kabla ya ngazi za ndani. Epuka kiti cha pembeni kinachotazama njia, maana breki ikifungwa unateleza ubavu na huna cha kukuzuia. Epuka pia kiti kilichoinuliwa juu ya tairi. Nyuma kabisa, baada ya ekseli, mashimo ya barabara huhisiwa maradufu na mgongo wa mzee hautaki hayo. Anayetumia kigari cha kutembelea chenye kiti asikikalie hata dakika moja basi likiwa linakwenda. Breki zake zimetengenezwa kwa ajili ya sakafu iliyotulia. Akikunje, akiweke karibu, akae kwenye kiti cha basi.

Kushuka kunaanzia kupanda: mwambie dereva au konda jina la kituo tangu unaingia, bonyeza kengele mapema, na usinyanyuke mpaka magurudumu yasimame kabisa. Kabla ya kusimama, nyanyua na kushusha visigino mara kadhaa ukiwa umekaa. Mtu aliyekaa muda mrefu shinikizo la damu hushuka ghafla anaposimama, ndipo kizunguzungu kinapomkuta mlangoni. Jambo hili huzidi kwa wazee wanaokwepa kunywa maji siku ya safari kwa kuogopa kukosa choo. Maji yanywewe kidogo kidogo. Na anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini aongee na daktari wake kuhusu saa ya kuzimeza siku ya safari, asiache dozi kwa uamuzi wake.

Sasa kitimwendo, na hapa hesabu ndiyo inayoamua.

Basi la sakafu ya chini huwa na sakafu iliyo kama sentimita 32 juu ya lami. Mengi yanaweza "kupiga goti", yaani kutoa hewa kwenye springi za upande wa mlango na kushuka kama sentimita 7. Inabaki 25. Kama basi limesogea kwenye ukingo wenye urefu wa sentimita 15, rampu, yaani ubao wa mteremko unaotolewa mlangoni, ina sentimita 10 tu za kupanda. Rampu ya sentimita 90 hapo inatoa mteremko wa 1 kwa 9, yaani unapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 9 za rampu, ambao mtu mwenye mikono yenye nguvu anaupanda na mwenye msaidizi anaupanda bila shida. Lakini dereva akisimama mbali na ukingo, rampu ileile inatua kwenye lami: sentimita 25 kwa 90, yaani 1 kwa 3.6. Huo ni ukuta. Kwa majengo kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, na kanuni za Marekani kwa mabasi mapya haziruhusu kuzidi 1 kwa 6.

Kwa hiyo dereva anayesema "rampu ipo, panda" huku basi liko mita moja kutoka ukingoni hajakusaidia. Mwombe asogee kwanza, halafu apige goti, halafu atoe rampu, kwa mpangilio huo. Mara nyingi kosa si lake. Gari dogo limeegeshwa kituoni, na basi refu haliwezi kuingiza pua na mkia sambamba na ukingo kama nafasi ya mbele au ya nyuma imezibwa. Anayeegesha kituoni "kwa dakika mbili tu" ajue ndiye aliyemwacha mtu wa kitimwendo barabarani. Ujerumani walitengeneza ukingo wa pekee kwa vituo, unaoitwa kwa jina la mji wa Kassel: umechongwa kwa mviringo ili tairi liusugue bila kuumia na basi lijipange lenyewe karibu kabisa.

Kabla ya safari pima vitu vitatu, ukiwa umekaa kwenye kiti: urefu kuanzia ncha ya vidole vya miguu hadi mpini wa nyuma, upana pamoja na mikono iliyoshika magurudumu, na uzito wako ukijumlishwa na wa kiti. Kosa la kawaida ni kupima kiti kitupu. Mabasi mengi yamesanifiwa kwa kiti chenye urefu usiozidi sentimita 120 na upana wa 70, na rampu nyingi hubeba kilo 300. Lifti za Marekani kwa kanuni hubeba angalau kilo 272. Kiti cha umeme pekee kinaweza kupita kilo 120, hivyo mtu mzito huukaribia ukomo haraka.

Panda ukitazama mbele, kifua kikiinamia magoti, maana uzito ukibaki nyuma kiti kinapinduka. Angalia vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kupinduka: kwenye mteremko mkali hukwama mwanzoni mwa rampu na kuning'iniza magurudumu makubwa. Vikunje juu, lakini msaidizi awe amesimama nyuma yako. Kushuka kwa kiti cha kusukuma ni kinyumenyume, msaidizi akiwa chini yako.

Ndani ya mabasi mengi ya mjini kuna kiegemeo kirefu chenye sponji, na kiti hukaa kikiwa kimekipa mgongo, yaani unatazama nyuma ya basi. Wengi hawapendi. Wanageuza kiti watazame mbele kama abiria wengine, na breki ya kwanza kali inawatupa. Ukiegemea pale, nguvu ya breki inakusukuma kwenye sponji, mgongo na kichwa vikiwa vimeshikiliwa. Sogea mpaka kiti kikiguse, mkoba ulioning'inizwa nyuma ya kiti uondolewe kwa sababu unaacha nafasi, funga breki zote mbili, na kiti cha umeme kizimwe ili mkono usiguse kidhibiti kwa bahati mbaya.

Basi linalotumia mikanda lina utaratibu mwingine. Mikanda ni minne, miwili mbele na miwili nyuma, na hufungwa kwenye fremu iliyochomelewa. Si kwenye gurudumu, si kwenye sehemu ya kuwekea mikono, si kwenye sehemu ya kuwekea miguu, kwa kuwa zote hizo hutoka au huzunguka. Viti vilivyopimwa kwa ISO 7176-19, kiwango cha kimataifa cha vitimwendo vinavyokaliwa ndani ya gari, vina alama ya ndoana mahali pa kufungia. Mikanda ya nyuma ishuke kwa nyuzi 30 hadi 45 kutoka sakafuni. Mikanda hii inashika kiti, haikushiki wewe. Wewe unahitaji mkanda wako, upite chini kwenye mifupa ya nyonga. Ukipita tumboni, siku ya kishindo utaumiza matumbo.

Mabasi ya masafa yenye ngazi ndefu ndiyo yanayodhalilisha watu zaidi, maana mtu anabebwa kama gunia. Kama lazima ubebwe, wewe ndiye unayetoa amri. Waeleze wabebaji kabla hawajakugusa: mmoja nyuma kwenye mipini, baada ya kuhakikisha mpira wa mipini hauchomoki, mmoja au wawili mbele kwenye fremu. Vitu vinavyochomoka vitolewe kwanza, kwani konda anayekamata sehemu ya kuwekea mikono atabaki nayo mkononi na wewe uko hewani. Wahesabu moja, mbili, tatu pamoja. Kiti kikienda kwenye buti, ingia na mto wako na vyote vilivyochomolewa. Kwa kiti cha umeme, ingia na kidhibiti kama kinatoka, maana ndicho huvunjika kwanza. Kipige picha pande nne kabla hakijapakiwa. Ndani ya basi, asiyehisi makalio ajinyanyue au ainame upande kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kidonda cha kukalia huanza ndani ya saa chache na huchukua miezi kupona.

Kwa asiyeona nitasema machache. Anahitaji kuambiwa namba ya basi na uelekeo kabla ya mlango kufunguka, na kuambiwa kituo chake kimefika. Usimshike fimbo nyeupe. Weka mkono wake kwenye chuma cha mlango, ataendelea mwenyewe. Asiyesikia abebe karatasi yenye jina la kituo, dereva alisome.

Madereva na makonda, maneno haya ni yenu. Abiria huyu haombi hisani. Tarehe 5 Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu walizuia mabasi katika makutano ya barabara mjini Denver, Marekani, na kukaa hapo usiku kucha, kwa sababu hawakuweza kuyapanda. Mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu inayogusa usafiri wa umma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu unataja usafiri waziwazi katika ibara ya 9. Januari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema haitoshi dereva kuomba tu nafasi ya kitimwendo iachwe kisha akanyamaza abiria akikataa bila sababu ya msingi. Lazima afanye zaidi, hata kusimamisha basi kwa dakika chache. Watu walikesha barabarani ili nyinyi mpewe hiyo rampu. Itoeni. Na ikaguliwe asubuhi kabla ya basi kutoka: bawaba ikijaa mchanga haifunguki, na huwa inagundulika abiria akiwa tayari anasubiri.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usimlazimishe mama na usimwache. Mkono ukipona na daktari akiridhia, chagueni saa ambayo mabasi ni matupu, safari ya vituo viwili tu. Panda nyuma yake, ukimkinga mgongo bila kumsukuma. Akae mbele, upande wa dirishani, wewe ukae upande wa njia. Wakati wa kushuka tangulia wewe, geuka umtazame, kigasha chako kiwe tayari, naye atangulize mkongojo na mguu mgonjwa.