Kihisio cha miR-21 kinasumbua kwenye seramu

Ndugu, nimekuelewa: elektrodi yako ya dhahabu inaitambua miR-21 (mikroRNA, yaani kipande kifupi cha RNA) vizuri kwenye bafa (mmumunyo safi wa maabara), lakini ukitia seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) mkondo wa umeme unashuka hata kabla hujaongeza miR-21 yoyote. Pole sana, hilo lilinichosha miezi kadhaa.

Usibadilishe probu (uzi mfupi ulioshikizwa kwenye dhahabu ili kuinasa miR-21) kwanza. Mimi ningeshuku protini: albumini hung'ang'ania dhahabu iliyobaki wazi na kuzuia elektroni kupita. Ukishapandikiza probu yenye thioli (kundi lenye salfa linaloshika dhahabu), ziba mapengo kwa merkaptoheksanoli (molekuli ndogo inayofunika dhahabu), suuza, kisha pima seramu peke yake, bila kuongeza miR-21. Mkondo ukizidi kushuka, tenganisha RNA kutoka kwenye seramu kabla ya kupima. Jaribu pia mfuatano unaotofautiana na miR-21 kwa herufi moja. Kwa kuwa miR-21 ina nyukleotidi (herufi za RNA) 22 tu, probu hudanganyika kirahisi.

Seramu yenye wekundu usiitumie. Chembe nyekundu zilizopasuka humwaga mikroRNA zake, hasa miR-16 na miR-451.

Na tafadhali, usisafishe elektrodi kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na peroksidi ya hidrojeni bila msimamizi wa maabara. Mchanganyiko huo ukikutana na asetoni huweza kulipuka. Majibu ya kihisio hiki usimpe mgonjwa. Kumpa mgonjwa majibu ni kazi ya maabara ya hospitali.