Ni mwili uliozoea dawa, au wadudu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Siku ya sita mshono ukaanza kutoa usaha. Amechomwa seftriaksoni siku tano, homa haishuki. Majibu ya kuotesha usaha yanasema Klebsiella, ESBL, na mbele ya seftriaksoni pana herufi R. Sasa yuko kwenye meropenemu. Je, mwili wake umeizoea dawa? Na ile sindano ya kabla ya upasuaji ilikuwa ya nini?

JIBU: Pole kwa kuuguliwa, ndugu yangu. Mwili wake haujazoea chochote; sugu ni wadudu. ESBL ni kimeng'enya cha huyo bakteria Klebsiella, kinachoivunja seftriaksoni kabla haijamdhuru. Hata mtu asiyetumia antibiotiki hovyo anaweza kumpata, kwa mikono ya mhudumu isiyonawa au kutoka utumbo wake mwenyewe.

Maabara tunawapaka wadudu kwenye sahani yenye kitu kama jeli, tunapanga juu yake viduara vya karatasi vyenye dawa, kisha tunalaza kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuzunguka karatasi yake, nasi tunalipima kwa rula. Duara likiwa dogo mno, au wadudu wakiota hadi kwenye karatasi, tunaandika R, yaani sugu. Kwa kawaida yote huchukua siku mbili tatu, ndiyo maana daktari huanza kwa kukisia. Kinachotuudhi ni kuletewa pamba iliyopanguswa juu juu, mgonjwa kashakunywa dawa wiki nzima. Kidonda kioshwe kwanza kwa maji ya chumvi, usaha uchukuliwe chini, kabla ya kuanza dawa mpya.

Sindano ile ilikuwa ya kinga. Shirika la Afya Duniani linataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata. Hupunguza hatari, haiimalizi, na dawa zinazotumika mara nyingi ni za ukoo uleule ambao Klebsiella huyu anauvunja. Kuendelea kuchoma siku kadhaa baada ya kushona, "kwa usalama", shirika hilo lilishauri kuachwa tangu 2016. Wodi nyingi bado hazijasikia.

Meropenemu asirukishwe hata dozi moja. Lakini muulize daktari wake: je, usaha umetolewa wote? Ukibaki umefungiwa ndani, hata dawa hiyo itahangaika. Na karatasi ya majibu usiitupe. Akilazwa tena popote, waione kabla hawajamchoma chochote.