Alston alialikwa, hakujipeleka

Kuna madai kwamba Philip Alston alijiingiza Marekani kuchunguza umaskini bila kuitwa. Hapana, hakufanya hivyo. Raia huyo wa Australia, wakati huo mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alikwenda Desemba 2017 kwa mwaliko wa serikali yenyewe, mwaliko uliotolewa enzi za Obama na kuthibitishwa na utawala wa Trump. Ripoti yake ya 2018 inaeleza alikopita, kuanzia kwa wasio na makazi wa Los Angeles hadi Puerto Rico, na vijijini Alabama alikuta nyumba ambazo majitaka ya choo yanatoka na kutuama uani kwa sababu mfumo wa kuyahifadhi umeharibika au haupo kabisa.

Takwimu ndizo zenye ubishi wa kweli. Alston aliandika kwamba watu milioni 40 ni maskini na milioni 18.5 kati yao wamo katika umaskini uliokithiri, ilhali serikali ilijibu kuwa hao wa mwisho ni kama 250,000 tu, tofauti inayotokana kwa sehemu kubwa na namna misaada inavyohesabiwa katika kipato cha kaya. Nikki Haley, aliyekuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, aliuona uchunguzi wote kuwa upuuzi. Hata hivyo, kujitoa kwa Marekani katika Baraza la Haki za Binadamu la umoja huo, Juni 2018, kusihusishwe moja kwa moja na ripoti hiyo, kwani hoja kuu iliyotajwa ilikuwa madai kwamba baraza hilo linaionea Israeli.