Maswali ya wasomaji: amplifaya ndogo ya kujifunzia gitaa la besi

Karibu barua zote za safari hii zinatoka kwa watu wanaoanza kujifunza gitaa la besi na wanaotaka kujua wanunue amplifaya gani ya mazoezi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo mwalimu. Kaka yangu ana amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida. Je, nikichomeka besi yangu humo nitaiharibu?

Marahaba. Ukipiga kwa sauti ya chini, ya kukutosha wewe uliyekaa karibu nayo, hutaiharibu, na kama ndiyo pekee iliyopo, ni heri uitumie kuliko kukaa bila mazoezi. Shida huanza unapoongeza volyumu. Uzi mnene kuliko zote wa besi, yaani ule wa E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, ilhali uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82. Na kadiri noti inavyoshuka, ndivyo karatasi ya spika inavyolazimika kwenda mbele na kurudi nyuma kwa umbali mrefu zaidi ili sauti ibaki na ukubwa uleule. Spika ya gitaa la kawaida kwa kawaida haijaundwa kwa mwendo huo, hivyo itaanza kukwaruza, na ukizidi kuilazimisha koili yake inaweza kuharibika. Tena, amplifaya nyingi ndogo za gitaa ziko wazi kwa nyuma, na sauti nzito inayotokea nyuma huipunguza nguvu ile inayotokea mbele, ndiyo maana besi humo husikika nyembamba.

Kinyume chake, yaani kuchomeka gitaa la kawaida kwenye amplifaya ya besi, hakina madhara. Amplifaya ya Fender Bassman, iliyotolewa mwaka 1952 kwa ajili ya besi iitwayo Precision Bass ya mwaka 1951, baadaye ilipendwa mno na wapiga gitaa la kawaida. Kwa hiyo mkiamua wewe na kaka yako kununua moja ya kutumia pamoja, nunueni ya besi.

Muuzaji ananishauri ninunue ya wati 30 badala ya 15 kwa kuwa ina nguvu maradufu. Ni kweli?

Wati ni maradufu, lakini sauti si maradufu. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haishangai, na ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili zinahitajika takriban wati mara kumi. Ningependa kila anayeanza alijue jambo hili kabla ya kutoa fedha yake, kwa sababu namba ya wati ndiyo iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, na ndiyo inayowapotosha wengi.

Kwa mazoezi ya chumbani, wati 15 hadi 30 zinatosha. Kitazame zaidi kisanduku chenyewe na spika iliyomo. Spika ya inchi 8 ndiyo ndogo ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe, na ya inchi 10 ni bora zaidi ikiwa una nafasi. Kisanduku kiwe kimefungwa nyuma au kiwe na tundu maalumu la kupumulia, na kiwe kizito kiasi, maana mbao nyepesi hutetema pamoja na noti na kuichafua. Fender Rumble 25 na Orange Crush Bass 25, zote mbili za wati 25 na spika ya inchi 8, ni mifano mizuri ya ukubwa ninaouzungumzia.

Usitarajie kuwa amplifaya hiyohiyo itakufaa siku utakapopiga pamoja na mpiga dramu. Hapo wapiga besi wengi huanzia wati 200 na kuendelea. Hiyo ni safari nyingine, na ukijaribu kununua kitu cha katikati ili kifanye kazi zote mbili, mara nyingi utapata kizito mno kwa chumba na kidogo mno kwa bendi.

Nikifika dukani nijaribu nini, na mimi bado sijui kupiga?

Huhitaji kujua kupiga. Unahitaji utulivu na dakika kumi. Omba kutumia besi inayofanana na yako, weka vitufe vyote vya kurekebisha sauti katikati, kisha piga uzi wa E ukiwa wazi, yaani bila kuubana kwa kidole, na uuache ulie mpaka unyamaze wenyewe. Sikiliza kama kuna skrubu, wavu au mpini unaotetemeka. Halafu panda polepole kwenye uzi huohuo, kituo kimoja baada ya kingine (vituo ni nafasi zilizogawanywa na vijichuma vya shingoni), hadi cha 12, ukipiga kwa nguvu ileile. Katika kisanduku kibaya utakuta noti moja inavuma ghafla na ya jirani yake inapotea, na ukijifunzia hapo vidole vyako vitazoea kufidia kosa lisilo lao. Fanya jaribio hili amplifaya ikiwa mbali na kona, kwa kuwa kona huongeza sauti nzito na kuficha udhaifu.

Tuna mtoto mchanga nyumbani. Je, tundu la hedifoni ni la lazima?

Kwako ni la lazima. Sauti ya besi hupita ukutani kuliko sauti nyingine, na mtu wa chumba cha pili huisikia hata pale wewe unapodhani umepiga kwa upole. Hakikisha kwamba ukichomeka hedifoni spika inanyamaza, na kila mara shusha volyumu kabla ya kuzivaa. Tundu la kuingizia muziki kutoka kwenye simu nalo ni la thamani, kwa sababu mpiga besi hujifunza hasa kwa kufuatana na wengine.

Tayari nimenunua, lakini sauti yangu ni nzito na haieleweki. Nimekosea kuchagua?

Huenda hukukosea. Ukipandisha kitufe cha sauti nzito hadi mwisho, spika ndogo hutumia nguvu yake yote kwa kile isichokiweza. Kirudishe katikati, au chini kidogo, kisha pandisha sauti ya kati, maana hapo ndipo sikio hutambua noti ni ipi. Iinue pia amplifaya kutoka sakafuni na uiweke juu ya kiti, ikuelekee usoni.

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga nikiwa nimeshusha kabisa sauti ya kati, nikidhani nimepata sauti ya kiutu uzima. Siku nilipoipandisha nilisikia kwamba kidole changu cha pete kilikuwa kikiachia uzi mapema, na kila noti ya tatu ilikuwa ikikatika kabla ya wakati wake. Ilinichukua miezi kadhaa kulirekebisha kosa ambalo ningelisikia wiki ya kwanza.