Kabla ya Kumwombea, Mshukuru Mungu kwa Ajili Yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza hivi: "Je, Mkristo anaweza kuwaombea wapendwa wake kwa furaha na shukrani hata pale ambapo hali zao zinamtia simanzi, au furaha ya namna hiyo ni ya kujilazimisha tu?" Jibu langu ni kwamba anaweza, tena bila kujilazimisha, lakini kwa sharti moja: awe amekubali kwamba mtu anayemwombea alikuwa wa Mungu kabla hajawa wake. Sharti hilo linapokosekana, maombi ya mzazi kwa mtoto, au ya mke kwa mume, hugeuka kuwa wasiwasi uliofumba macho, na wasiwasi hauna furaha hata ukitamkwa kwa maneno matakatifu kiasi gani.

Maombi yetu mengi, tukiyasikiliza kwa makini, yana sura moja. Katika kikundi cha sala, inapofika zamu ya kutaja mahitaji, mama mmoja husema, "Mwombeeni mwanangu, ameacha kabisa kanisa". Mwingine husema, "Mkumbukeni dada yangu, ndoa yake inayumba". Wa tatu humtaja mumewe na pombe. Vichwa huinamishwa na maombi hufanyika kwa bidii. Sina neno na kutajwa kwa shida hizo, kwa maana Bwana mwenyewe ametuagiza tuombe. Linalonisumbua ni kwamba, baada ya muda, kikundi kizima humjua kijana yule kwa kosa lake tu. Hakuna anayejua kwamba ana mkono wa ufundi, au kwamba ndiye anayewapatanisha wadogo zake wanapogombana. Hata mama yake, kwa kuwa kila siku humpeleka mbele za Mungu akiwa amevikwa upungufu wake, huanza kumwona hivyo hivyo anapoingia mlangoni. Wapo watu tunaowaombea kila asubuhi lakini hatuwezi kukaa nao nusu saa bila kuwasema.

Mtume Paulo anatuonyesha njia nyingine, naye aliandika akiwa kifungoni. Katika sura ya kwanza ya waraka wake kwa Wafilipi anasema: "Namshukuru Mungu wangu kila niwakumbukapo, sikuzote kila niwaombeapo ninyi nyote nikisema sala zangu kwa furaha." Tumezoea kuipita mistari hiyo kama salamu za adabu zinazotangulia mambo yenyewe. Afadhali tujiulize: alipowakumbuka Wafilipi, alikumbuka nini hasa?

Jibu limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Filipi, koloni la Warumi katika Makedonia, ni mji ambamo Paulo na Sila walivuliwa nguo zao mbele ya umati, wakapigwa bakora, wakatupwa katika chumba cha ndani cha gereza na miguu yao ikafungwa kwa mkatale. Mtu mwingine angelitaja jina la mji huo kwa uchungu maisha yake yote. Hata hivyo, katika kumbukumbu hiyo hiyo yumo Lidia, mwuza rangi ya zambarau kutoka Thiatira, ambaye Bwana alimfungua moyo kando ya mto, naye akawasihi wageni wale wakae nyumbani kwake. Yumo pia mlinzi wa gereza, na hapa naomba wasomaji wenzangu tukae kidogo. Mlinzi huyo ndiye aliyewafunga mkatale baada ya kupewa amri awalinde sana. Tetemeko lilipotokea usiku wa manane, wakati wafungwa hao wawili walikuwa wakisali na kuimba, aliamka, akadhani wote wametoroka, akafuta upanga ili ajiue, na Paulo ndiye aliyemzuia. Saa ile ile ya usiku aliwachukua, akawaosha majeraha yao, akabatizwa yeye na watu wake wote, kisha akawapandisha nyumbani mwake na kuwaandalia chakula. Mikono iliyofunga mkatale ndiyo iliyoosha majeraha, na kati ya tendo la kwanza na la pili hapakupita hata usiku mmoja.

Paulo, basi, alikuwa na mambo mawili ya kukumbuka kuhusu mikono hiyo, na yote mawili ni ya kweli. Hakuyafuta mateso: katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 2, anataja waziwazi kwamba yeye na wenzake waliteswa na kutendwa jeuri katika Filipi. Lakini anapopiga magoti kuwaombea watu wa mji ule, kinachotangulia kinywani mwake ni shukrani. Nadhani hapo ndipo furaha yake inapoanzia. Mtu anayeomba huchagua, kila siku na kwa makusudi, ni kumbukumbu gani aingie nayo mbele za Mungu kwanza.

Mtu atauliza kama hilo silo kujilazimisha kwenyewe ambako swali lenu limekutaja. Ningekubali, kama Paulo angekuwa mtu wa kushukuru kwa mazoea. Hakuwa hivyo. Katika waraka kwa Wagalatia hakuna shukrani ya ufunguzi hata kidogo. Baada ya salamu anaingia moja kwa moja na kusema anastaajabu jinsi walivyomwacha upesi yeye aliyewaita. Alipokosa la kushukuru, hakulibuni. Kwa upande mwingine, Wakorintho, waliokuwa na mafarakano, kesi za ndugu kwa ndugu na utovu wa adabu hata katika meza ya Bwana, walipata shukrani yao kamili kabla ya kukemewa, na shukrani hiyo inataja kitu halisi, yaani neema waliyopewa na karama walizokuwa nazo. Tena huko Filipi kwenyewe walikuwapo Euodia na Sintike, wanawake wawili walioishindania Injili pamoja naye lakini sasa hawakuwa na nia moja, hata ikabidi awasihi kwa majina katika sura ya 4. Anaposema anawaombea "ninyi nyote" kwa furaha, hao wawili wamo. Furaha yake haikungoja wapatane.

Mfano wa upande wa pili ni Ayubu, mtu mkamilifu na mwelekevu, ambaye sithubutu kumlaumu. Watoto wake walipomaliza karamu zao aliamka asubuhi na mapema, akatoa sadaka za kuteketezwa kwa hesabu yao wote, akiwaza kwamba huenda wametenda dhambi na kumkufuru Mungu mioyoni mwao. Ni upendo wa kweli, lakini ni upendo unaolala jicho moja wazi. Wazazi wengi wataitambua sala hiyo: hakuna kosa lililothibitika, lakini kuna hofu ya kosa linaloweza kuwapo, na hofu hiyo haishibi, kwa kuwa karamu nyingine inakuja. Paulo anaomba akisimama mahali pengine. Anaamini kwamba yeye aliyeanza kazi njema mioyoni mwa Wafilipi ataimaliza. Kazi si ya Paulo. Hakuianzisha wala hatakiwi kuimaliza. Bwana Yesu mwenyewe, katika sala yake ya Yohana 17, anawataja wanafunzi wake kama watu waliotolewa kwake: "walikuwa wako, ukanipa mimi." Kama Mwana aliwahesabu rafiki zake kuwa zawadi ya Baba, nasi hatuna sababu ya kuwahesabu watoto wetu kuwa mradi wetu. Anayeomba kwa ajili ya mradi wake hukagua maendeleo. Anayeomba kwa ajili ya zawadi humtazama kwanza aliyeitoa.

Furaha hii haifukuzi machozi, na hapa natofautiana na wahubiri wanaotutaka tutabasamu hata kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi. Kaburini kwa Lazaro Yesu alilia machozi; muda mfupi baadaye aliinua macho akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Yote mawili yametoka kinywani na machoni pa mtu mmoja, mahali pamoja. Paulo naye, katika waraka huo huo uliojaa furaha, anakiri katika sura ya 3 kwamba anaandika mambo mengine huku akilia. Monika, mama yake Augustino, yule mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, amekuwa kielelezo cha mama anayeomba kwa machozi, na sifa hiyo ni haki yake, kwa kuwa alimlilia mwanawe kwa miaka mingi. Kinachosahaulika ni kwamba Augustino alipomletea habari za kuongoka kwake, mama yule alishangilia na kumhimidi Mungu, naye alikuwa bado hai mwanawe alipobatizwa na askofu Ambrosio huko Milano, Pasaka ya mwaka 387. Alifariki mwaka huo huo, huko Ostia, walipokuwa wakisubiri safari ya kurudi Afrika. Tunamkumbuka kwa kilio chake kuliko kwa shangwe yake, na sijui kwa nini tumeipa shangwe nafasi ndogo namna hiyo.

Wala kushukuru kwa ajili ya mtu si kushukuru kwa ajili ya uovu wake. Hakuna mahali tunapoagizwa kumshukuru Mungu kwa ulevi wa mume au kwa uongo wa mtoto. Anayepigwa nyumbani hadaiwi shukrani kwa kipigo. Anahitaji usalama na watu wa kumtetea, na anayemwambia atulie tu amshukuru Mungu anamwongezea mzigo.

Namna ya kufanya hivi nimeiona kwa bibi mmoja mjane, mwenye watoto wazima waliotawanyika, ambaye nimewahi kusali pamoja naye. Hakuanza na mahitaji. Aliwataja watoto wake mmojammoja, na kwa kila mmoja alimshukuru Mungu kwa jambo moja dogo. "Asante, Baba, kwa huyu anayecheka kabla hajamaliza kusimulia." "Asante kwa huyu aliyenifunika shuka nilipougua, akidhani nimelala." Alipofika kwa mwanawe ambaye kwa muda mrefu hawasemezani, alinyamaza, nami nikadhani atamruka. Kisha akasema, "Asante kwa mwandiko wake mzuri." Basi. Ndipo akaomba, kwa maneno machache sana, kwamba Mungu amlinde na amrudishe nyumbani. Nilipenda ukweli wa sala ile. Hakumpamba mwanawe kwa wema asio nao, wala hakudai kwamba moyo haumuumi. Alitafuta kitu kimoja ambacho angeweza kukishukuru bila kusema uongo mbele za Mungu, akakipata, akakitaja.

Shukrani ya namna hiyo hubadilisha pia kile tunachoomba. Paulo, baada ya kuwashukuria Wafilipi, anawaombea kwamba pendo lao lizidi kuwa jingi sana, katika hekima na ufahamu wote. Pendo tayari lipo, anaomba liongezeke. Mtu aliyeona jema kwa mpendwa wake ataomba jema hilo likue, naye anapata la kuomba hata siku ambazo hakuna dharura. Aliyeona kasoro tu ataomba iondolewe, na ikiondoka hana tena la kumwambia Mungu kuhusu mtu huyo. Ndiyo maana baadhi yetu huacha kuwaombea watu wetu pale tu mambo yao yanapotengemaa.

Limebaki jambo moja ambalo swali halikuligusa. Paulo hakuiweka shukrani yake kati yake na Mungu peke yao. Aliwaandikia wenyewe, nao wakasikia kwamba wanatajwa kwa furaha mbele za Mungu na mtu aliyefungwa minyororo. Kwa Filemoni alifanya vivyo hivyo: alimwambia kwamba humshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa kusikia habari za upendo na imani yake, kabla ya kumsihi ampokee Onesimo, mtumwa wake, kama ndugu. Wapo wanaoiona hatua hiyo kuwa ujanja wa kulainisha moyo wa bwana mwenye mtumwa. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa waraka huo umeelekezwa pia kwa kanisa lililokutana nyumbani mwa Filemoni, yaani kwa watu waliomjua vizuri kuliko Paulo alivyomjua, na sifa ya uongo ingeumbuka papo hapo.

Kwa hiyo ningemshauri anayemwombea mpendwa wake amwambie, kwa barua, kwa simu au ana kwa ana, ni jambo gani hasa alilomshukuria Mungu kwa ajili yake. Alitaje jambo lenyewe, kwa sababu "nakuombea" peke yake, kwa mtu anayejua kwamba amewahuzunisha wenzake, husikika kama karipio. Wala asiliunganishe na dai. Kijana akiambiwa, "Namshukuru Mungu kwa jinsi unavyowajali wadogo zako," kisha hapo hapo akaambiwa, "lakini Jumapili uje kanisani," atasikia hayo ya mwisho tu. Habari ya Jumapili na iachwe kwa siku nyingine, au aambiwe Mungu peke yake.